Kutu Iliyokula Hewa

Mwanangu Ngoie,

Umetoka kwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na nyumba imetulia. Nina alasiri hii tu. Kwa kifua changu alasiri moja ni kurasa chache, kwa hiyo habari za njiani, za pesa za kuficha na chakula cha kwenye treni, nawaachia shangazi zako. Wanazijua kuliko mimi, na wamekwisha kukuambia mara tatu.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema Jumapili, tukiwa mezani. Binamu yako alikutania kwamba huko Mwene-Ditu utakuwa nesi wa Wakasai, nawe ukaweka kijiko chini, ukasema: "Siku nitakutana na mutoto wa Kabeya ku lopitalo, sijue kama mukono yangu itamuchoma sindano muzuri." Wote wakacheka. Mimi nilikohoa, ukaniletea maji, ukadhani ni vumbi la kifuani.

Chuki hiyo nimekulisha mimi. Mama yako aliipika, lakini unga ulitoka kwangu. Kesho unaondoka kwenda kuishi kati ya watu wa Kabeya, na sitaki uibebe hata hatua moja nje ya mlango huu kabla hujajua ilivyotengenezwa.

Unajua nilifanya kazi ya kutengeneza chupa za hewa, zile za chuma ambazo wazamiaji wa kampuni walizibeba mgongoni kwenda kusafisha nyavu za chuma kule bwawani. Majani na takataka za mto zikiziba nyavu, mitambo inakosa maji, umeme unapungua, na mgodini pampu zinasimama. Hujawahi kuambiwa kwamba karakana ile ilikuwa ya watu wawili. Mimi nilishughulikia nje ya chupa, Kabeya alishughulikia ndani.

Kazi yangu ilikuwa nzuri kutazama. Nilivua kiatu cha mpira kilicho kitakoni, kwa maana kutu hupenda kujificha pale ambapo maji hayakauki. Nilipiga chupa mchanga kwa hewa mpaka chuma kikawa cheupe, na mchanga huo ndio ninaoukohoa leo. Kabla ya saa mbili kupita ilibidi niwe nimepaka rangi ya zinki, la sivyo hewa ya masika ilirudisha kutu mbele ya macho yangu. Juu ya zinki nilipaka njano, mara mbili, nikikwepa namba zilizogongwa begani. Zilikauka kivulini, kamwe si jikoni wala motoni, maana chuma cha chupa kikipata moto mkali hupoteza nguvu zake bila kuonyesha. Mtu yeyote aliyeingia karakana aliona kazi yangu kwanza.

Ya Kabeya haikuonekana. Alifungua koki, akaisikiliza hewa ikitoka, akainusa. Chupa ikiwa tupu, aliing'oa koki, akaingiza taa ndogo iliyofungwa kwenye waya, akachungulia kwa jicho moja kama mtu anayemtazama jirani kwenye tundu la ufunguo. Akikuta kutu alitia vipande vya mnyororo na changarawe, akaibiringisha chupa sakafuni nusu siku nzima, akaisuuza kwa maji ya moto, akaikausha palepale kwa hewa ya joto. Kelele hiyo iliniumiza kichwa. Nilimwambia: "Kabeya, chupa yako inalia sana kuliko bibi mwenye wivu." Yeye akajibu: "Weye unaivalisha nguo ya ndoa. Mi naangaria ndani ya tumbo. Nani kati yetu anajua kama ni bikira?"

Tulikuwa tunataniana hivyo kila siku. Yeye alizaliwa hapahapa Kolwezi, lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, basi kwetu alibaki Mkasai. Nilimwambia: "Weye Mukasai, hata kuzimu utaomba bakuweke shefu." Naye: "Na weye Mukatanga, hata kuzimu utabakia ku mulango, unangoya nani akufungulie." Sote wawili ni Waluba, Ngoie. Lugha ya mama yake na ya mama yangu ni ndugu. Hata matusi yetu yalifanana.

Aliniita Tata Ngoie, baba wa Ngoie. Ulikuwa na miezi saba, mtoto wetu wa kwanza aliyeishi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha jina langu na kuniita kwa jina lako. Kumbuka hilo. Nitalirudia.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi uliporomoka, mishahara ikakatika, na wakubwa walihitaji watu wa kulaumiwa. Redio na mikutano vikasema Wakasai wamekula nchi, waende kwao. Waliitwa bilulu, wadudu. Ulipokuwa unajifunza kukaa, vijana walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na familia zilizozaliwa hapa vizazi viwili zilikimbilia stesheni na magodoro vichwani. Zilikaa pale wiki nyingi, chini ya maturubai, zikingojea mabehewa.

Kazini palikuwa na mlango mdogo bado wazi. Mkuu wa wazamiaji, mtu wa kwetu wa kaskazini, hakutaka kumpoteza Kabeya. Akanijia, akafunga mlango wa karakana. Nimeisikia sauti yake mara nyingi tangu siku ile.

"Andika mistari mbili tu. Andika kama bila Kabeya hakuna chupa inaingia mu mayi. Weye una masomo, bakubwa batakuamini. Njo namna moja ya kumubakisha, yeye na batoto yake."

Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilimwambia: "Lakini ile kazi ya ndani, minaiweza."

"Unaiweza?"

"Miaka tisa niko pembeni yake."

Akanitazama. "Tata Ngoie, sikukuuliza kama unaiweza. Nilikuomba uandike."

Nikaandika. Niliandika kwa Kifaransa safi cha shule ya ufundi kwamba kazi zote mbili zinaweza kufanywa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ni mimi. Mwanangu, sikumchukia Kabeya. Sikuwa na hasira na Wakasai. Nilikuwa nimechoka kuambiwa kwamba kazi yangu ni nguo. Nilitaka, mara moja tu, mtu aseme karakana ile ni yangu. Watu wengi walifanya mabaya makubwa zamani zile kwa sababu kubwa. Mimi yangu ilikuwa ndogo hivyo, na ndiyo maana nimeona haya kuisema.

Kabeya alikuja kurudisha ufunguo. Hakujua habari ya karatasi. Alinionyesha chupa nne zilizosimama ukutani, zimejazwa tangu kabla ya mvua.

"Zile ine usizivalishe tu. Chujio ya kompresa ilikufa, inajaza hewa pamoja na mayi. Fungula, mwaga yote, angaria."

"Nimesikia."

"Apana kusema nimesikia. Sema utafungula."

"Nitafungula, Kabeya. Enda salama."

Akanipa mkono, akaenda stesheni kwa mkewe na watoto wake watatu.

Wiki ya pili umeme ukapungua, nyavu zimeziba. Wakataka chupa siku ileile. Nilisimama mbele ya zile nne. Nikajaribu kuing'oa koki ya kwanza, haikutoka. Kabeya alikuwa na namna yake ya kuishika chupa kati ya magoti, nami sikuwahi kuitazama vizuri. Ningeweza kutoka nje na kusema: siwezi. Neno moja. Lakini nilikuwa nimeandika kwamba naweza, na sahihi yangu ilikuwa haijakauka. Nikaigonga chupa kwa kifundo cha kidole, ikalia kama kengele. Mshale wa kipimo ulionyesha hewa bado ni nyingi. Nje kulikuwa na kutu kidogo kiatuni, nikaiondoa, nikapaka zinki, nikapaka njano. Kwenye karatasi ya ukaguzi nikasaini pa nje. Nikasaini na pa ndani.

Mzamiaji aliyekuja kuichukua alikuwa mjomba wako Kisimba, mdogo wa mama yako, yule wa picha ya sebuleni. Alinikuta nimesimama kando ya chupa kama baba wa bibi harusi. Akaipiga kofi: "Shemeki, hii njano yako imezidi. Samaki batazani ni ndizi inazama." Alicheka hadi mlangoni.

Sasa nisikilize kama nesi. Chuma kikipata kutu kinakula oksijeni. Nilijifunza hilo shuleni nikiwa na miaka kumi na sita, na nilipata alama nzuri. Maji kidogo ndani ya chupa iliyofungwa, miezi kadhaa, na kutu imekula hewa yenyewe. Kinachobaki kinajaza mapafu lakini hakilishi damu. Mtu hasikii kukabwa. Hasikii chochote. Anavuta, anatoa, na taa inazimika. Mwenzake Kisimba alimkuta amelala juu ya nyavu, mpira bado mdomoni, macho wazi, ametulia kama mtu anayesikiliza. Walipomtoa, mshale ulionyesha chupa imejaa zaidi ya nusu.

Basi watu wakafikiri kama ambavyo mtu yeyote angefikiri: hewa ipo, na mtu amekufa. Kumetiwa kitu. Na nani alikuwa akizishika chupa kwa ndani? Mkasai, aliyefukuzwa, mwenye kinyongo. Sikuwa mimi niliyelisema kwanza. Lakini asubuhi baada ya maziko nilikwenda karakana peke yangu, nikachukua chupa ya pili kati ya zile nne. Niliwasha mshumaa, nikauweka ndani ya mkebe, nikafungua koki polepole sana hewa iingie kwenye mkebe bila kuupuliza. Moto ukawa mfupi, ukawa wa bluu, ukafa. Niliuwasha tena. Ukafa tena. Hewa ilinuka kama sarafu mkononi mwa mtu mwenye jasho. Nilijua yote, Ngoie, kabla ya saa nne za asubuhi. Hakuna mtu mwingine Kolwezi aliyejua.

Saa sita vijana walikuja kunichukua. "Weye njo fundi. Twende stesheni utuonyeshe ule muloji." Ndugu za mama yako walikuwa kati yao, macho mekundu. Nilikwenda.

Kabeya alikuwa amechuchumaa kando ya turubai, anaziba tundu kwenye beseni la mkewe. Aliponiona alisimama, akafuta mikono, akatabasamu. Alifikiri nimekuja kumuaga. "Tata Ngoie! Umekuya!" Akamgeukia mwanawe mkubwa: "Letea Tata Ngoie kiti."

Mtoto akaleta kiti. Kilikuwa kigoda cha jikoni chao, kimoja tu walichosalia nacho. Kilikaa pale kati yetu.

Mmoja wa vijana akasema: "Ulitia sumu mu chupa, na Kisimba amekufa."

Kwanza hakuelewa kitu kingine ila jina. "Kisimba? Kisimba wetu?" Akashika kichwa. Halafu akanigeukia, na niliona hesabu ikipita usoni mwake, haraka, kama ile aliyoifanya kila siku kwa taa yake. Alikwisha kujua kilichotokea. Akauliza polepole, mbele ya watu wote: "Tata Ngoie, zile ine. Ulizifungula?"

Mkewe akalirudia jina hilo. Watoto walikuwa wananitazama, na mama yao akasihi: "Tata Ngoie, sema basikie. Ulizifungula, ao apana?"

Nikasema: "Nilizikuta zimefungwa."

Ndivyo nilivyosema. Maneno mawili, na hakuna hata moja la uongo. Nimesoma, nilijua kuchagua. Kila mmoja pale alielewa alichotaka kuelewa, nami nikageuka nikaondoka kabla hawajaanza, ili baadaye niweze kusema sikuona. Lakini nilisikia. Walimvunja mkono wa kulia kwa ubao wa kitanda chake mwenyewe. Mkewe alipiga kelele kwa lugha yao, na kwa kuwa ni ndugu ya lugha yetu nilielewa kila neno. Hakutukana. Alikuwa anauliza kosa ni lipi.

Siku tatu baadaye mabehewa yakaja, wakaondoka.

Nyumba yao ilichukuliwa na mtu mwingine. Sikuiomba, na kwa miaka mingi nilijivunia hilo kana kwamba ni wema. Zile chupa tatu zilizobaki nilizisafisha ndani kwa mikono yangu. Nilijifunza kuzishika kati ya magoti. Haikuwa kazi ngumu. Ilihitaji siku mbili na mtu asiyeona haya kuonekana hajui. Nilikuwa mkuu wa karakana miaka sita, mpaka kampuni ilipoacha kutulipa kabisa.

Mama yako hakuacha kumlaani Kabeya. Mkesha wa kila Noeli alimtaja katika sala, Mungu amlipe. Mimi niliitikia amina. Unakumbuka, kwa maana ulikuwa umepiga magoti kati yetu. Mara moja tu nilikaribia kumwambia. Tulikuwa tunachambua mboga, nikasema: "Mama Ngoie, kuko kitu juu ya Kisimba." Akaacha kisu, akanishika goti, akasema: "Najua. Weye pia unamukumbuka. Hakuna shemeki mwenye alimulilia kama weye." Nikaendelea kuchambua. Alikufa akinishukuru, na shukrani ile ninayo mpaka leo mahali ambapo dawa ya kikohozi haifiki.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo nikitafuta mtu aliyefanya kama mimi akaishi vizuri. Nilichopata ni kwamba mtu anaweza kuishi vizuri kabisa. Hilo ndilo lililonitia uchungu kuliko yote. Nililala. Nilinenepa. Nilikubeba mabegani siku ya komunyo yako. Waliokuambia kwamba dhamiri haimwachi mtu hawajajaribu. Inamwacha, inaondoka mchana kweupe, na usipoifuata haigeuki.

Sina fundisho la kukupa, isipokuwa moja la kazi, maana nawe utasaini makaratasi. Watakapokuuliza wodini kama unaweza jambo usiloliweza, utaona aibu dakika moja. Ikubali dakika hiyo. Mimi niliikwepa, na tazama nani aliilipa.

Sasa jambo la kesho. Mfanyabiashara wa kutoka huko, anayeleta mahindi, aliniambia mwaka jana kwamba Kabeya yu hai. Anatengeneza masufuria pale Mwene-Ditu, karibu na reli, kwa mkono wa kushoto. Watoto wake ni watu wazima. Nilimuuliza kama anawahi kusema habari za Kolwezi. Akasema hazungumzi, ila wale watoto hugombana na mtu yeyote anayetoka huku, kwa sababu wamesikia maisha yao yote kwamba baba yao aliua. Hata huko, Ngoie. Treni ilibeba uongo wangu pamoja nao. Kabeya anajua hakuua. Lakini watoto wake wana neno lake tu, na neno la mtu aliyevunjwa mkono mbele ya watoto huwa jepesi. Na jina walilolisikia likiitwa siku ile, likiombwa liseme, si langu. Ni lako. Utafika hospitalini, utasema naitwa Ngoie, nimetoka Kolwezi. Usidhani hawatakumbuka.

Wajomba zako watakuja asubuhi kunisindikizia baraka. Mpemba, ule udongo mweupe wa baraka, uko tayari kwenye kisahani. Unajua desturi yetu: baba hampaki mtoto mpemba akiwa na neno lililofichwa kwa watu wa damu yake. Nimevunja desturi hiyo kwa ndugu zako wawili, nikawapaka na neno langu tumboni, na sitaivunja mara ya tatu. Nitaongea mbele ya wajomba kabla ya sala. Nitawaambia kuhusu karatasi, koki, mshumaa na kigoda. Ni ndugu za Kisimba, na wawili kati yao walikuwapo na ubao. Huenda wakanipiga, huenda wakanitoa nje, huenda wakachukua kisahani wakakupaka wenyewe, na baraka yao itakuwa safi kuliko yangu. Usinitetee. Usilie ili wanihurumie. Nakuambia leo ili usilisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na ili uwe na usiku mmoja wa kuamua kama unataka mkono wangu kwenye paji lako. Ukikataa, sema tu kwamba treni haingoji. Nitaelewa, na hakuna atakayeuliza.

Na ukifika, sikutumi kwa Kabeya. Sitaki uniombee msamaha. Sina haki ya kumtwika mtu yule kazi nyingine. Lakini ukitaka jina lako liwe lako tena, nenda, ukae mahali watoto wake wanapoweza kusikia, useme kwamba zile chupa nne hazikufunguliwa, na kwamba aliyeahidi kuzifungua ni baba yako. Hayo tu. Akikuuliza kwa nini nimesema sasa, usinitafutie sababu nzuri. Mwambie nilisema nilipokuwa sina tena cha kupoteza. Atakuamini mara moja, kwa sababu ananijua.

Baba yako